Cheti Kilicholiwa na Mchwa

Bwana asifiwe! Na ninyi mliokaa nje kwenye kivuli kwa sababu humu ndani pamejaa, kwenu pia Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, mambo vipi. Watoto mnaonitazama viatu, ndiyo, ni vipya, tukitoka mtavigusa.

Mchungaji ameniambia niseme kwa kifupi. Nyie mnacheka kwa sababu mnanijua. Nitajitahidi. Ameniomba pia nisitaje jina la mtu, maana kuna siku mtu alitaja majina hapa mbele, tukatoka kwenye ibada tukaenda kusuluhisha ugomvi. Kwa hiyo leo sina majina. Mtu akijitambua akae kimya acheke moyoni.

Nimesimama kushukuru kwa ajili ya nyumba ya mama yangu, na kwa ajili ya kazi yangu, na kwa ajili ya mchwa. Ndiyo, mchwa. Subirini kwanza.

Wengi wenu mliiona nyumba yetu ilivyoanguka. Marehemu baba aliijenga kwa mikono yake, miti na udongo, na bati juu. Kila Krismasi mama aliipaka chokaa, ikawa inang'aa mpaka mtu akishuka kule mlimani anaiona. Kwa nje ilikuwa nyumba nzima kabisa. Lakini ndugu zangu, nawaambia, mchwa hana kelele. Anaingilia chini, anapanda ndani ya nguzo, anakula moyo wa mti halafu anakuachia ganda. Wewe unapita unaegemea ile nguzo, unacheka na wageni, kumbe umeegemea gome tu.

Siku hiyo mimi nilikuwa Mikumi kwenye biashara zangu, mama alikuwa shamba. Ukaja upepo ule wa kabla ya mvua. Wala haukuwa upepo wa kutisha, hata migomba ya jirani haikulala. Nyumba ikalala.

Nilifika kesho yake. Nikamkuta mama amekaa juu ya kinu alichokilaza chini, mbele ya ule udongo. Pembeni ameweka sufuria zake, godoro, na sanduku la mbao la baba. Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Pole, mama yangu."

"Marahaba. Nimeshapoa. Umekula?"

Nyumba imeanguka, ananiuliza kama nimekula! Nikageuka nikajifanya naangalia bati, maana machozi yangu hayanaga adabu. Nilipomgeukia tena nikaona anafunga kitu kwenye pindo la khanga yake. Ulikuwa ufunguo wa kufuli la mlango wetu. Kufuli lenyewe lilikuwa mapajani mwake, limefungwa, halifungi kitu.

"Mama, ufunguo huo wa nini tena?"

"Wa mlango wangu."

"Mlango uko wapi, mama?"

"Usiniulize maneno mengi, wewe mtoto."

Basi. Sikuuliza tena.

Mjomba wangu, ambaye namwona pale anaangalia dirishani kama vile hasikii, alikuja na hasira. Hasira ya upendo. Alikuja na ndoo ya oili chafu ya gari na jembe, akaenda moja kwa moja kwenye kile kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba. Mnakijua. Akasema, "Leo namtoa malkia wao, namkaanga!" Mama akatoka pale kwenye kinu, akaenda akasimama mbele ya kichuguu, mikono kiunoni.

"Kaka, hiki hukigusi."

"Wamekula nyumba yako, unawatetea?"

"Hiki cha kwangu. Kimenilisha uyoga na kumbikumbi tangu nimeolewa. Nyumba imekwenda, na kichuguu nacho mnataka kiende? Nibaki na nini?"

Mjomba akarudi na ndoo yake. Watu wakasema mama amechanganyikiwa. Na mimi, kusema kweli, nilimwona mama anaonea huruma adui. Hilo mliweke pembeni, nitalirudia.

Jioni ile tulifungua sanduku la baba. Ndani yake mlikuwa na picha za harusi, Biblia ya babu na cheti changu cha kidato cha nne. Picha zilipona. Biblia ilipona, mimi nasema ni muujiza, mjomba anasema ni kwa sababu ilikuwa na jalada la ngozi. Cheti hakikupona. Wameingilia kona wakachora barabara zao za udongo, wamekula Jiografia, wamekula Historia, wamekula Kiswahili nilichopata B nzuri kabisa. Mnajua walichoacha? Kiingereza. D ya Kiingereza imebaki safi, nyeupe, haina hata tundu. Mchwa wenyewe walionja wakasema hii hapana.

Mnacheka sasa. Siku ile hakucheka mtu.

Mama akahamia kwa mjomba, kwenye lile jiko la nje. Mjomba alimpa alichokuwa nacho, na Mungu ambariki, watoto ndani walikuwa wamejaa. Lakini mama yangu ni mtu wa kwake. Akiamka asubuhi alikuwa anafagia uwanja wa wenyewe mpaka ule upande usiomhusu, ili asionekane amekaa bure. Nilipokuwa naondoka kurudi Mikumi nilimwambia, "Mama, utarudi kwako." Akanishika bega akasema, "Sawa, baba." Alisema kama mtu anayembembeleza mtoto anayesema akikua atakuwa rubani. Na mimi niliwahi kusema nitakuwa rubani.

Basi ndugu zangu, hapo ndipo nilipokuwa. Mama jikoni kwa watu, mimi Mikumi nauza karanga na mayai ya kuchemsha kwenye malori. Kwa wasiopajua, pale malori yanasimama kutoka kila upande, madereva wanashuka kunyoosha miguu, na wewe unakimbia na ndoo yako kabla mwenzako hajafika. Mimi nilikuwa napenda. Nyani wakiniibia mayai nilikuwa nacheka. Gari la watalii likiingia mbugani nilikuwa najiona nimekaa mbele, nimevaa miwani myeusi, namwelekeza dereva. Ndoto hazijawahi kuniishia. Lakini kwa karanga huwezi kusimamisha nyumba, na hilo nililijua.

Rafiki mmoja akaniletea tangazo kwenye simu. Kampuni fulani inataka vijana wa mauzo, usaili Kilosa mjini. Nikasema hii ndiyo yangu. Kuuza? Mimi ambaye nimewauzia mayai madereva walioshiba?

Binamu yangu akaniazima koti lake la harusi. Binamu yangu yule, naomba mumtazame mkitoka, hatuna mwili mmoja. Mikono ya koti ilinifika kwenye vidole. Nikakariri majibu ya Kiingereza kwenye simu usiku na mchana, majibu ya watu waliosoma. Nikatia cheti changu kwenye bahasha, polepole kama mtu anayebeba yai lililopasuka, nikaenda.

Niliingia nikakuta watu watatu nyuma ya meza. Heshima kwanza, sivyo? Nikatoa shikamoo kwa wa kwanza. Nikatoa shikamoo kwa wa pili. Wa tatu alikuwa binti wa rika langu, pengine hata nimemzidi, lakini amekaa nyuma ya meza! Nikasema huyu ni bosi, nikampa shikamoo na yeye. Akanitazama. "Kaka, mimi na wewe nani mkubwa?" Wenzake wakaanza kukohoa. Nikaanza kutoa jasho ndani ya koti la binamu.

Wakasema, "Haya, tuambie kuhusu wewe."

Wazee wangu, ninyi ndio mlionilea, niambieni. Mtu akikuuliza huku kwetu wewe ni nani, unajibuje? Unasema mimi ni mtoto wa fulani, babu yangu alitoka mlima ule, bibi yangu ni wa ukoo ule, shamba letu linapakana na la fulani. Nikawaambia yote hayo. Nikaenda mpaka kwa baba wa babu. Wakanisikiliza. Halafu yule binti akasema, kwa upole kabisa, "Tumeshukuru kuwafahamu wazee. Sasa wewe mwenyewe. Una sifa gani nzuri?"

Sisi kwetu mtu akisimama akaanza kujisifu, mimi ni hodari, mimi ni mwaminifu, watu wanatazama miguu yao. Nikatazama miguu yangu. Nikaona wananisubiri, basi nikamwaga kile Kiingereza nilichokariri, chote kwa mkupuo, mpaka jibu la swali ambalo hawakuuliza.

Wakaomba cheti. Nikasukuma bahasha mezani. Mkubwa wao akaifungua, akainamisha, udongo ukamwagika. Udongo wa mchwa, vumbi, na vipande vya Jiografia. Pale mezani, juu ya makaratasi yao meupe.

"Hiki nini?"

"Cheti."

Akachukua karatasi akakung'uta meza. Akanirudishia kila kitu, hata vumbi nadhani alijaribu kulirudisha. Akasema, "Tutakupigia."

Ndugu zangu, simu yangu niliichaji mpaka ikawa ya moto. Nilikuwa naenda nayo chooni. Haikulia. Nikipigiwa na mama anauliza, "Wamesemaje?" namwambia, "Bado, mama." Anasema, "Sawa, baba." Ile "sawa, baba" ilikuwa inanichoma kuliko jua la barabarani. Nikaacha kukimbilia malori. Lori linakuja, nimekaa. Mayai yakawa yanarudi nyumbani na mimi ndiye ninayeyala. Nikaanza kusema moyoni, labda mama atazeekea jikoni kwa watu, na mimi nitazeekea na ndoo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuamka asubuhi sina ndoto hata moja ya kuifikiria.

Halafu mvua ikanyesha. Ile ya kwanza, ile ya kumbikumbi.

Asubuhi yake nilipita pale sheli, malori yanapojaza mafuta, kununua uji. Kuna mama ntilie pale ambaye amekuwa kama mama yangu wa pili. Nilimkuta anafagia chini ya taa. Kumbikumbi walikuwa wamekuja kwa wingi, na sakafu yote imejaa mabawa, mabawa matupu, kama mtu amekuna nazi akamwaga. Nikasimama pale na kikombe changu nikaona huzuni imenijaa.

"Masikini," nikasema. "Wameruka siku moja tu, wamekufa wote."

"Nani kakwambia wamekufa?"

"Si haya mabawa?"

Akaegemea ufagio wake. "Wewe si unajifanya mtoto wa shamba? Hayo ni mabawa. Wenyewe wako wapi?"

Nikatazama. Kweli, mabawa mengi, miili hakuna. Akanishika shati akanivuta mpaka kwenye kona ya ukuta, pale udongo ulipolowa. "Inama." Nikainama. Walikuwa wawili, hawana mabawa, mmoja mbele mmoja nyuma, wanafuatana kama bibi na bwana harusi wanatoka kanisani. Wakafika kwenye udongo laini, wakaanza kuchimba.

"Kuku wangu wamekula wengi, sikudanganyi," akasema. "Na mimi nimekaanga wa kwangu. Lakini hawa wawili wameyakata mabawa yao wenyewe. Mabawa ni ya kufikia. Ukishafika, unayafanyia nini? Utaingia nayo shimoni? Hao ndio mfalme na malkia, mwanangu. Ufalme wote ule unaouona, na askari wake, na wafanyakazi wake, na lile ghorofa lao la udongo, unaanza na wawili walioacha kuruka wakaanza kuchimba. Haya, kunywa uji wako, una sura kama ya kumbikumbi aliyenyeshewa."

Mimi niliendelea kuinama. Uji ulipoa. Nilikuwa nafikiria koti la binamu. Nilikuwa nafikiria kile Kiingereza. Nikajiambia, yale yalikuwa mabawa. Nilitaka kuingia shimoni nayo.

Na Mungu ana mambo yake. Haikupita muda mrefu, yule yule mama akanipigia kelele kutoka barabarani, "We mtoto! Kuna watu wamefungua duka la madawa ya kilimo na ya nyumba, wanatafuta wauzaji wa kuzunguka vijijini!" Nikamuuliza dawa za nini. Akasema, "Za nini sijui, nimeona tu picha ya mchwa mkubwa kama mbuzi."

Safari hii sikuazima koti. Nilipiga pasi shati langu la kanisani, hili hili nililovaa. Sikukariri kitu. Nikampigia mama. Nikamwambia, "Mama, naenda tena. Cheti ni kile kile." Akasema, "Na mtu ni yule yule. Nenda."

Kwenye benchi tulikuwa vijana wengi. Pembeni yangu kulikuwa na kijana wa wafugaji, mrefu, amevaa shuka lake na saa kubwa. Akaniuliza, "Rafiki, kwenye bahasha una nini, mbona unaishika kama ndama mgonjwa?" Nikamwonyesha. Alicheka mpaka akaita wengine. Nikacheka na mimi. Ajabu, baada ya kucheka na watu, kile cheti kikawa chepesi mkononi.

Ndani walikuwa wawili. Mwanamke wa makamo, ndiye meneja, na mzee mmoja mwenye mvi, mtaalamu wa dawa. Shikamoo zangu zote mbili zikapokelewa, nikajua leo siku njema.

"Tuambie kuhusu wewe."

Nikasema, "Mama, mimi kujisifu sijui, nyumbani ni aibu. Lakini naweza kuwaambia watu wanavyonisema. Mama ntilie wa pale sheli anasema nina maneno mengi kuliko redio, na redio haiulizi watoto wamelalaje. Madereva wanaponunua mayai kwangu wanasema wananunua na habari. Na mama yangu anasema mimi ni yule yule."

Meneja akaandika kitu. Halafu akaweka chupa mezani. "Hii ni dawa ya mchwa. Niuzie."

Nikaishika ile chupa. Nikafungua mdomo. Kisha nikaifungua bahasha.

Nikakitoa cheti changu mwenyewe, kwa mikono miwili, nikakiweka mbele yake pamoja na vumbi lake. Nikasema, "Mama, hiki ni cheti changu. Hapa palikuwa na Kiswahili, B. Hapa Jiografia. Siku waliyomaliza kukila hiki, walikuwa wameshamaliza nguzo za nyumba ya mama yangu, na sisi tulikuwa tunaishi ndani, tumeipaka chokaa. Sasa hivi mama analala kwenye jiko la watu, na ufunguo wa mlango ambao haupo ameufunga kwenye khanga. Wewe nyumba yako nguzo zake ulizigonga lini?"

Akasema amepanga, nyumba ya tofali na vigae.

"Basi wewe huihitaji, nisikudanganye. Lakini mama yako mzazi anakaa wapi?"

Akasema mama yake yuko kijijini, nyumba ya miti.

"Mlango wake ukifunguliwa unakwama, au unafunguka vizuri?"

Akamtazama yule mzee. Akasema taratibu, "Unakwama. Mwezi uliopita alinilalamikia, nikamwambia ni mvua."

Akaivuta ile chupa upande wake. Sikuongeza neno. Mimi! Sikuongeza neno!

Lakini yule mzee alikuwa hajamaliza na mimi. Akasema, "Umeongea vizuri, kijana. Mteja ana kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba. Utamwambia nini?"

Hilo nilikuwa na jibu lake. "Amwage dawa kichuguuni, amuue malkia."

"Umekosea."

Nikasema moyoni, haya, ndiyo yamekwisha. Ningeweza kubishana, mnanijua. Nikasema, "Sikujua, mzee. Naomba unifundishe."

Mzee akavuta kiti. Akanifundisha pale pale, kama mtu na mwanafunzi wake. Kwamba mchwa si ukoo mmoja. Wako wanaokula nyumba ambao hawana kichuguu kabisa, wanakaa chini ya ardhi, hujui hata walipo. Na viko vichuguu ambavyo wenyewe wanavuna majani makavu na miti iliyokwisha kufa, wanaoteshea ukungu wao huko ndani, ndio hao wanaotupa uyoga. Ukiona kichuguu ukakurupuka, pengine umemuua asiyehusika, na nyumba bado inaliwa. Akasema kwanza uifuate barabara yao ya udongo ukutani, uone inashukia wapi, ndipo ujue unamtibu nani.

Nikakumbuka mama, mikono kiunoni, mbele ya kichuguu. Nikaanza kucheka peke yangu. Mzee akauliza nacheka nini. Nikamsimulia, na mjomba na ndoo yake. Mjomba, nisamehe, walicheka sana. Mzee akasema, "Mama yako mpe salamu zangu. Mwambie alikuwa na sababu."

Wakasema nisubiri majibu. Nikashukuru nikatoka. Nimeshafika barabarani nasikia naitwa. Meneja amesimama mlangoni, ameshika cheti changu. Nilikuwa nimekisahau mezani. Nikarudi nikiinamisha kichwa, nikijua ananirudishia kama yule wa kwanza.

Akasema, "Hiki usikitupe. Na usikibandike gundi. Kila kijiji utakachoenda, utaenda nacho."

Ikanichukua muda kuelewa. "Nitaenda, mama? Mimi?"

"Jumatatu asubuhi. Na uje na maneno yako yote."

Ndugu zangu, nililia pale barabarani, na lori likapita likipiga honi. Nikampigia mama. Nikasema, "Mama, wamenichukua." Nikasema tena, "Mama, upo?" Akasema, "Nipo. Umekula?"

Tangu hapo nimezunguka. Nimefika Kilangali, nimepanda milima yetu hii yote, nimekaa kwenye maboma ya wafugaji nikanywa maziwa mpaka basi. Nikifika kwenye nyumba ya watu siuzi kwanza. Nasalimia, nakaa, nauliza habari za mvua, halafu natoa cheti. Watu wanacheka, wanaitana. Wakimaliza kucheka wananipeleka kuona mlango wao. Na nikiona nyumba haihitaji dawa, nasema haihitaji. Msimu huu meneja amesema mimi ndiye niliyeuza kuliko wote. Hilo nalisema kwa sababu amelisema yeye, sijajisifu mimi. Lakini nimefurahi, jamani! Nimefurahi!

Kiangazi hiki tukaanza kujenga. Na hapa wengi wenu ni mashahidi, maana mikono yenu imo kwenye ule ukuta. Mama alisema tofali zitoke kwenye udongo wa kichuguu chake, maana ndio udongo unaoshika. Akatuonyesha ubavu wa kukata, akasema hapa tu, msifike katikati. Tukakata. Mnakumbuka wale askari walivyotoka na vichwa vyao vikubwa, wakajipanga pale kwenye tundu kama wanaweza kutuzuia? Na nyuma yao wadogo wadogo, kila mmoja na punje yake ya udongo mdomoni. Asubuhi tulikuta wameshaziba. Tulikuwa tunajenga yetu huku na wao wanajenga yao kule. Dawa ya msingi niliipiga mwenyewe, kwa kipimo alichonifundisha mzee, na mama muda wote amesimama kati yangu na kichuguu kama askari wao. Mimi muuza dawa ya mchwa, na kichuguu cha mama yangu marufuku!

Sasa nashukuru. Namshukuru Mungu. Nakushukuru, mjomba, kwa lile jiko. Ulitupa mahali wakati wewe mwenyewe huna nafasi, na hukuwahi kusema. Namshukuru binamu kwa koti, nimelifua, litakuja. Namshukuru yule mama wa pale sheli ambaye hayupo hapa, yuko kwenye chapati zake, aliyenivuta shati nikainama. Nawashukuru wale wawili wa kule ofisini walionisikiliza, na nyote mliokuja na majembe na ndoo za maji bila kuitwa mara mbili.

Na somo, kama mtu wa darasa langu anaruhusiwa kutoa somo. Vijana wenzangu, sisi tuna mabawa mengi. Tunaota, na ni sawa, mimi bado naota. Lakini siku ukidondoka chini usidhani umekufa. Angalia kama hujafika mahali pa kuchimba. Na kile kilicholiwa katika maisha yako usikifiche kwenye bahasha. Kiweke mezani, pamoja na vumbi lake. Yupo mtu ambaye mlango wake unakwama na hajui kwa nini, atakuelewa.

Nimalizie, mchungaji ameshaangalia saa mara mbili.

Leo asubuhi tulikuwa tunakuja hapa. Mimi nimetangulia, nimefika kwenye njia panda, nageuka simwoni mama. Nikarudi. Nikamkuta mlangoni mwa nyumba mpya, amefungua pindo la khanga, ametoa ule ufunguo. Kufuli ni lile lile, mlango ndio mpya. Akafunga. Akalivuta. Akalivuta tena.

Nikamwambia, "Mama, twende, tutachelewa."

Akasema, "Tangulia. Nafunga kwangu."